Bima ya kazini imekataa kulipa matibabu ya pombe ya bwana yangu. Nianzie wapi? (Lubumbashi)

Mama_wa_Watatu (Katuba)

Wapendwa, mnisamehe, ni ndefu. Nimeandika na kufuta mara tatu.

Bwana yangu ni dereva wa lori katika kampuni ndogo inayobebea migodi mizigo. Ana mkataba wa kudumu, mwaka wa sita huu. Kazi ilitupa kadi za bima: yake, yangu na za watoto. Nimeitumia kwa malaria, kwa kujifungua mtoto wa mwisho, hata kwa meno ya mkubwa, na sijawahi kuulizwa swali.

Pombe alikuwa anakunywa kama wanaume wengine wa avenyu yetu, bia mbili tatu siku ya mshahara. Mdogo wake alipofariki akahamia kwenye lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Siku hizi anaanza kabla ya chai. Mwezi uliopita akaniambia, "Mama, leo naacha." Nikafurahi, nikapika bukari na samaki. Kesho yake mikono ilitetemeka hadi kikombe kikamponyoka, na usiku akaanguka kifafa, ulimi ukajaa damu. Nusu ya watu wa parseli, tunaokaa ua mmoja, wakasema karogwa. Mimi na shemeji tulimpandisha teksi hadi kliniki iliyomo kwenye orodha ya bima.

Walimlaza siku nne, akatulia. Daktari alisema wazi: ni mwili ulionyimwa pombe ghafla, na anahitaji wiki kadhaa mahali wanapotibu ulevi. Siku ya kutoka nikafika kesi, pale pa kulipia, wakanionyesha faktire, yaani bili: bima imekataa yote, "ulevi na madawa ya kulevya havimo kwenye mkataba." Dola 340. Wamebaki na kadi yangu ya elekteri, ile ya kupigia kura, mpaka nilipe.

Je, bima ina haki hiyo? Maana ikiwa ni ugonjwa kwa daktari, kwa nini si ugonjwa kwa kesi? Na nikienda kulalamika kazini, si nitakuwa nimemfukuzisha mwenyewe kwa mdomo wangu? Yeye anasema ninyamaze, tuuze friji.

Kijana_BelAir

Mama pole. Lakini mngemwambia daktari aandike malaria tu, mchezo uishe. Hapa mjini nani hajafanya hivyo?

Infirmie_wa_Zamu

@Kijana_BelAir huo "mchezo" nimeuona ukiua mtu, acha nikueleze.

Kwetu malaria ikishaandikwa, mgonjwa mara nyingi anatundikiwa kinini, dawa ya malaria, ndani ya serumu (dripu) ya sukari. Mtu wa lutuku ambaye hali vizuri tangu miezi, mwili wake mara nyingi umeishiwa vitamini B1. Ukimmiminia sukari kabla ya kumpa B1, unaweza kumharibu ubongo moja kwa moja: macho yanachezacheza, miguu haimtii, kumbukumbu inapotea na hairudi. Na dawa aliyoihitaji kweli, ile ya kumtuliza asianguke tena, hapewi, kwa sababu karatasi inasema malaria. Zamu ya usiku inasoma karatasi, haisomi mawazo ya daktari wa asubuhi.

Mama, mawili kabla ya habari ya pesa. La kwanza, asiache tena peke yake nyumbani. Kifafa cha kukatiza pombe huja ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuanzia siku ya pili hadi ya nne ndipo wengine wanaanza kuona wadudu ukutani, homa inapanda, moyo unakimbia. Hapo mtu anaweza kufa. Akirudi kunywa kabla hujapata kitanda, usimfungie mlango umnyime ghafla. Apunguze akiwa na daktari.

La pili utanichukia: asishike usukani. Ameanguka kifafa mwezi uliopita, na lori la tani thelathini njia ya Likasi halina huruma.

Mama_wa_Watatu

Sikuchukii. Hiyo ya lori ndiyo inayoninyima usingizi, nilikuwa sitaki kuiandika.

Papa_Fukuta

Mimi nakatwa kwenye mshahara kila mwezi. Sioni kwa nini pesa yangu imlipie mtu aliyejipeleka mwenyewe kwenye lutuku. Malaria mbu anakufuata. Lutuku unaifuata wewe, tena kwa miguu.

Mwalimu_Kamalondo

Papa, na wewe sukari yako ilikufuata kwa miguu gani? Ulivyoandika mwezi jana juu ya insulini hakuna aliyekuuliza ulikunywa Fanta ngapi ujana wako.

Papa_Fukuta

Hiyo si sawa na hiyo.

Delege_wa_Zamani

Mama, jambo. Mi niko muzee wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, nilitokaka mu ile operesyo ya départs volontaires (kuacha kazi kwa kupenda) ya 2003. Mbele ya pale nilikuwaka delege ya sindika, mwenye kusemea batumishi, miaka 9. Minaandika Kiswahili ya kwetu, bale ba Dar batanisamehe.

Bababa yetu balikuwa banasema Union Minière, ile kampuni ya Babeleji yenye ilitangulia Gécamines, njo baba, njo mama. Ulikuwa unakohoa, unaenda ku hospitali ya kampuni, hakuna mutu anakuulizaka feza. Hata balevi. Ku ekipe yetu kulikuwa moya, bakamutuma ku hospitali, akarudia kiisha miezi mibili, akamaliza karyeri yake muzima. Leo patron, mwenye kazi, anakupatia karte ya asiransi (bima), anasema "tumemaliza." Hapana. Haiyamaliza.

Soma Kodi ya Kazi (Code du travail), ile sheria ya kazi ya 16 Oktoba 2002, kifungu 177. Inasema mutumishi akigonjwa, ni patron njo anapaswa kutoa matunzo, dawa na hospitali, kwa yeye na kwa jamaa yake, hata kama mukataba umesimama sababu ya ule ugonjwa. Haisemi "kama asiransi inapenda." Ule mukataba wa asiransi ni wa patron na asiransi, bwana yako hakutiaka mukono pale. Kama patron alinunua asiransi ya bei ya chini yenye matundu, ile matundu ni yake.

Sasa batamwambia alijitakia mwenyewe. Ile sheria inasema ugonjwa, haitaji pombe, haikatazi pombe, njo mahali batapigania. Njo maana karatasi ya daktari iseme muzuri: ugonjwa, na kifafa. Hapana "mulevi."

Barua aandike yeye, atie sahihi yeye, hapana weye. Kopi moja kwa delege ya sindika. Bakikataa, muende ku Ispeksyo ya Kazi, ofisi ya serikali yenye kuangalia mambo ya kazi, kwa sababu tribinali (korti) ya kazi haikupokeyaka kama haukupita kwanza pale kupatanishwa. Na asiogope bure: kumuvunjia mukataba sababu ya ugonjwa, kabla ya miezi 6 mufululizo bila kutumika kazi, sheria haikubali. Lakini kama bakimukamata kazini amelewa, ile ni mambo ingine kabisa, pale hata miye singemusaidia.

Asiransi_na_Mimi

Nafanya kazi upande wa pili wa kaunta, sisemi kwa kampuni gani. Mzee hapo juu kasema vizuri kuliko wanasheria wetu, naongeza yetu ya ndani.

Hadi juzijuzi bima hapa nchini ilikuwa mikononi mwa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, peke yake. Sheria ya 2015 ikafungua soko, na kampuni binafsi zikaanza kupewa ruhusa mwaka 2019. Kwa hiyo mikataba mingi ya afya ya kazini ni michanga, na mingi imenakiliwa kutoka nchi nyingine pamoja na orodha ya visivyolipwa: kujiua, urembo wa mwili, ulevi, madawa. Mwajiri anaulizwa anataka mpango gani. Naketi kwenye vikao hivyo. Sijawahi kumsikia bosi akiuliza, "Na ulevi umo?" Anauliza bei kwa kichwa kimoja, basi.

Dada, tulia ufanye hivi. Kwanza usikubali neno la mdomo la mtu wa kesi. Omba kukataliwa kwa maandishi, na kwenye maandishi wataje kifungu cha mkataba. Halafu omba faktire iliyopasuliwa mstari kwa mstari. Bwana yako aliingia na kifafa usiku, hiyo ni dharura. Kitanda cha usiku wa kwanza, vipimo vya damu, kushonwa ulimi kama walishona, serumu: mengi ya hayo yangelipwa kwa mtu yeyote aliyeanguka barabarani. Mtu wetu wa mafaili akiona neno "pombe" mahali popote anapiga mstari juu ya faktire nzima, kwa sababu ni rahisi, na kwa sababu familia nyingi huona aibu hazirudi. Nyinyi rudini. Nimeona faktire zikilipwa nusu na zaidi baada ya barua moja ya heshima.

Wakiendelea kukataa bila kutaja kifungu, kuna ARCA, mamlaka inayosimamia bima. Si haraka, lakini barua yenye kopi ya ARCA husomwa na mkubwa badala ya stajyeri anayejifunza kazi.

Mpango wa serikali wa afya kwa wote umeanzia kwa akina mama wanaojifungua, Kinshasa, Septemba 2023. Ulevi uko mbali sana kwenye foleni hiyo. Mpaka sheria iseme wazi kwamba tiba ya ulevi ni lazima iwemo, hakuna kampuni itakayoanza peke yake, maana wa kwanza kuiweka atakuwa wa bei ya juu, na bosi ataenda kwa jirani.

Ndugu_wa_Texas

Hapo nakubaliana. Niko Marekani mwaka wa 12, na huku vita hiyo ilichukua miaka. Sheria ya 2008, inayobeba majina ya maseneta Paul Wellstone na Pete Domenici, haikuilazimisha bima kulipa tiba ya ulevi. Ilisema tu: ukiiweka kwenye mkataba, usiibane kuliko unavyobana tiba ya moyo au ya figo. Ulazima wenyewe uliletwa na sheria ya afya ya Obama ya 2010, na kuanzia 2014 tiba ya ulevi na madawa ni moja ya makundi 10 ambayo bima za watu binafsi na za kampuni ndogo haziwezi kuyaacha.

Msidhani imekuwa paradiso. Binamu yangu alilala kituoni siku 9, bima ikapiga simu ikasema zinatosha, wakati daktari wake alitaka 28. Tofauti ni kwamba alikuwa na kifungu cha kuwapigia nacho meza, na walimwongezea.

Kijana_BelAir

Naondoa neno langu la malaria. Sikujua hiyo ya B1.

Niliyekuwa_Kenya *(komini ya hapa mjini, si nchi, msije mkanichanganya)*

Mama, mimi nilikuwa huyo bwana yako. Lutuku, na mwishoni vidonge vya tramadoli, dawa ya maumivu, juu yake. Leo mwaka wa tatu.

Kwa hapa mjini nenda kituo cha akili cha Dokta Joseph Guislain, cha Mabruda wa Upendo, watawa Wakatoliki. Watu watakuambia "kule ni kwa wendawazimu." Waache waseme. Mabruda hao hao wana SOSAME kule Bukavu na Tulizo Letu kule Goma kwa wanaosoma kutoka Kivu. Mimi sikuwa na bima, dada zangu walichanga. Bei uulize mwenyewe mlangoni, na uulize pia kama mnaweza kulipa kidogo kidogo. Usione haya kuuliza hilo, wanaulizwa kila siku.

Ninalotaka ujue ni la baadaye. Wiki za kulala ndizo nyepesi, unalishwa, hakuna anayekuuzia. Nilirudi avenyu, mama muuzaji wa lutuku alikuwa bado pale kwenye kona, ananiita "mtoto wangu," na siku ya 19 nikaanguka. Wakanirudisha. Bima nyingi, hata zikilipa, zinalipa mara moja kisha zinasema ameshatibiwa. Kwenye hiyo barua ya kazi, mwombe daktari aandike na vikao vya kurudi, si kulala peke yake.

Na friji usiuze. Nilikuja nyumbani nikakuta dada zangu wameuza vitu vyao kwa ajili yangu, ile aibu ilinipeleka kwenye chupa haraka kuliko kiu.

Papa_Fukuta

Mimi bado naona kila mmoja abebe mzigo wake. Lakini hiyo ya kushika kadi ya elekteri ya mwanamke kwa deni si haki. Mama, kwa hilo niko nyuma yako.

Mama_wa_Watatu

Narudi kuwaambia tulipofika.

Nilimsomea bwana yangu uzi huu wote jana usiku, yeye amelala ananipa mgongo. Nilipofika kwa Niliyekuwa_Kenya na yule mama wa kwenye kona, akageuka akauliza, "Huyo ni nani? Mbona anajua kona yetu?" Nikajua ananisikia.

Leo ameenda kwa daktari wa kampuni, si kwa mkuu wa wafanyakazi. Infirmie (muuguzi) mmoja aliniandikia pembeni kwamba daktari amefungwa na siri, kifungu 73 cha sheria ya makosa ya jinai, na hana ruhusa ya kumweleza bosi ni ugonjwa gani. Daktari amempa mapumziko, kwa hiyo lori limepata dereva mwingine. Amenung'unika sana, lakini funguo amezirudisha.

Kliniki wamenipa faktire mstari kwa mstari baada ya kusubiri tangu saa mbili mpaka saa saba. Kweli, dola 210 ni za usiku ule wa kwanza na vipimo. Barua ya bima tumeandika, na ya kazi pia, delege wa sindika kazini kwao amechukua kopi. Karatasi ya mapumziko ya kazi haina neno pombe. Barua ya bima inalo, mara moja tu.

Jumatatu tunaenda Guislain kuuliza kitanda. Niliyekuwa_Kenya, kaka yangu, mtu anaenda na nini kule?

Niliyekuwa_Kenya

Blanketi, kandambili, sabuni ya kufulia, sahani na kikombe cha plastiki. Nguo za jasho, nyingi, siku za kwanza atazilowesha zote. Na umpe picha ya watoto, iliyochapishwa kwenye karatasi, simu anaweza kukosa.