Omaha ya poti: karata nne zipi za kuingia nazo?

MgawajiKsm: Wadau, salamu. Meza yetu ya watu sita hapa Milimani, Kisumu, inahama kutoka Hold'em (poka ya karata mbili mkononi) kwenda Omaha ya poti (karata nne mkononi, na dau kubwa kabisa ni kiasi cha poti, yaani pesa zilizo mezani). Blaindi, yaani dau la lazima kabla ya karata, ni bob 10 na 20, kila mtu anaketi na 2,000. Shida ni kwamba ukishika karata nne, kila mkono unaonekana mtamu. Niingie na nini? Mfano K-K-8-3 ya suti nne tofauti. Na kopa nne mkononi, si ndiyo flashi (karata tano za suti moja) ya haraka?

Nakuru_58: Kopa nne ni mtego. Omaha unatumia mbili za mkononi na tatu za mezani, basi. Kopa mbili zinakaa bure, tena umejinyima mwenyewe: zimebaki 9 kwenye pakiti badala ya 11. Vivyo hivyo 9-9-9-4, seti yako (mbili za mkononi na moja ya mezani) inangoja tisa moja tu. Tupa.

Karata nne zinatoa jozi sita. Hesabu ngapi zina kazi. A-A-J-T (T ni kumi) ya suti mbili mbili, yaani karata mbili kwa kila suti: zote sita. K-K-8-3 yako: moja, kingi wenyewe. Flopu (karata tatu za kwanza mezani) itakuletea kingi takriban mara moja kwa nane. Zilizobaki una peya tupu (kingi mbili tu), na kwenye mchezo huu peya tupu ni ya kutupa mtu akibeti kwa nguvu.

PotiKakamega: Sawa, ila usimsahaulishe mikono ya mfululizo. J-T-9-8 ya suti mbili mbili inapambana na A-A-7-2 ya suti nne karibu nusu kwa nusu. Pengo likiwepo, liwe chini: J-T-9-7 ni bora kuliko J-9-8-7. Na 5-4-3-2 achana nayo, inatengeneza streti (karata tano zinazofuatana) za mkia, yaani ndogo, ambazo zinakula pesa zako polepole.

Hata mfululizo mzuri uuangalie. Una J-T-7-6, flopu 9-8-2. Karata 20 zinakupa streti, lakini sita kati yake, yaani J tatu na T tatu, zinampa mwenye Q-T (ikija J) au Q-J (ikija T) streti kubwa kuliko yako.

MgawajiKsm: Nimeshika. Na kupandisha kwanza, mwisho ni ngapi?

Nakuru_58: 70. Blaindi ni 30, unalipa 20, poti inakuwa 50, unaongeza 50 juu ya ile 20. Watu hukosea hapo kwa kusahau kuhesabu malipo yao wenyewe kwanza.

PotiKakamega: Ukikaa wa kwanza kuongea, punguza mikono, hasa ile ya flashi isiyo na esi. Flashi ya kwini meza ya watu sita, wanne wakiwa ndani, itakugharimu. Ukikaa nafasi ya mgawaji unaweza kulegeza kidogo, maana baada ya flopu unaongea mwisho.