“Kutokufa” au “umilele”: neno lipi linamfaa mhusika asiyepatwa na mauti?

Mwalimu wa sekondari, Tabora:
Ndugu zangu, salaam. Ninawaandalia wanafunzi wa kidato cha pili hadithi ya mfalme aliyeomba asife, akakubaliwa, kisha akazeeka bila kikomo. Hali hiyo niiiteje: umilele, uzima wa milele au kutokufa? Niliposoma darasani “mfalme asiyekufa”, mwanafunzi mmoja aliuliza ni vita gani alivyonusurika.

Msomaji wa Ujiji:
Mwanafunzi wako ana hoja, Mwalimu, kwa sababu kirejeshi cha kukanusha hakibebi alama ya wakati: “abiria wasiokufa” katika habari ya ajali ni walionusurika, ilhali “Mungu asiyekufa” ni yule ambaye mauti hayamfikii kabisa. Ukiandika “asiyeweza kufa”, utata unaondoka.

Kuhusu nomino, umilele hupima wakati tu. Adhabu, ahadi na ufalme vyaweza kuwa vya milele bila kuwa na pumzi. Uzima wa milele nao umekwisha kushikwa na dini, wala si kurefushwa kwa maisha haya ya duniani: Mkristo anayeutumainia anajua kwamba kwa kawaida atakufa kwanza, na Mwislamu, anayesoma kwamba kila nafsi itaonja mauti, maisha yasiyo na mwisho huyatazamia akhera. Ninapendelea kutokufa. Mtume Paulo, katika Biblia ya Union, anasema huu wa kufa sharti uvae kutokufa (1 Wakorintho 15:53). Mfalme wako amevaa vazi hilohilo, ila juu ya mwili unaochakaa.

Mtaalamu wa maabara, Kigoma mjini:
Naafiki, lakini katika sayansi neno hilo lina mtego. Seli za HeLa, zilizotolewa mwaka 1951 huko Baltimore kwenye uvimbe wa saratani wa Henrietta Lacks, ambaye alifariki mwaka huohuo, huitwa seli zisizokufa. Hata hivyo zikikosa lishe au zikichemshwa hufa kama nyingine. Kinachokusudiwa ni kwamba hugawanyika bila kikomo, wakati seli nyingi za kawaida zikikuzwa maabara hugawanyika kwa kiasi fulani kisha hukoma. Mimi huandika hivyo kwa urefu, hata kama sentensi inakuwa nzito.

Mchangiaji mwingine, Tabora:
Msisahau kudumu. Nyerere, aliyesoma hapahapa Tabora, aliitikiwa kwa “zidumu fikra za Mwenyekiti”. Zilizoombewa kudumu ni fikra, si mtu. Leo tunamwita hayati, neno lililotokana na neno la Kiarabu lenye maana ya uhai, na hakuna anayelielewa kuwa bado yu hai.

Mwalimu wa sekondari, Tabora:
Nashukuru. Nitaandika “mfalme asiyeweza kufa”, na hali yake nitaiita kutokufa. Mwishoni anaomba aondolewe hali hiyo: tuseme amerudishiwa kifo?

Msomaji wa Ujiji:
Afadhali “amerudishiwa ukomo”. Kifo chenyewe bado kingali njiani.