Chaneli za bure zimeondolewa kwenye madishi. TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania), sisi wa vijijini tuangalie nini?

Wakuu, mwaka 2018 unaisha na sijasikia mwenye mamlaka hata mmoja akijibu swali hili: sisi ambao minara ya digitali haitufikii, taarifa ya habari ya saa mbili usiku tuiangalie wapi?

Tangu Agosti 2018 chaneli kama ITV, EATV, Channel Ten na Star TV zimeondolewa kwenye ving'amuzi vya setilaiti, yaani DStv, Azam na Zuku. TCRA inasema leseni za kampuni hizo haziziruhusu kubeba chaneli ambazo mwananchi anatakiwa kuzipata bila kulipa. Kisheria nimewaelewa. Hata malalamiko ya mwanzo yalikuwa ya haki, maana kifurushi kikiisha na chaneli za bure nazo zilikuwa zinakatika. Huo ulikuwa uonevu. Sasa si mngeamuru ziachwe wazi hata kama mtu hajalipa? Mmezifuta kabisa, mpaka kwa aliyelipia mwezi mzima! Aliyekuwa anaonewa siku kifurushi kikiisha, leo anaonewa siku zote.

Halafu tunaambiwa tununue ving'amuzi vya antena: StarTimes, Ting, Continental. Jamani, antena inashika nini mahali ambapo hakuna mnara? Kijijini kwetu mkoani Lindi watu hawakufunga madishi kwa kujionyesha. Walifunga kwa sababu ukisimamisha antena, hata kwenye mlingoti mrefu, hupati kitu. Mzee wangu aliuza korosho akanunua dishi ili asikie habari za nchi yake. Leo anaona mpira wa Ulaya na tamthilia za nje, ila mkuu wa mkoa wake akisema jambo kwenye taarifa ya habari, anasimuliwa na aliyetoka mjini. Nilipompigia mtoa huduma, nikajibiwa ni agizo la serikali, na kwamba pesa ya kifurushi hairudi. Bei ya kifurushi haikupungua hata shilingi.

Na hata huko mjini kwenye mnara, bado ni mzigo. Mwaka huu wa 2018 anayetaka Ligi Kuu anahitaji dishi la Azam, anayetaka ITV anahitaji king'amuzi cha antena. Nyumba moja, ving'amuzi viwili. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012, na mikoa mingine ikafuata, wananchi waliingia mfukoni kununua ving'amuzi wakiahidiwa kwamba chaneli za kitaifa zitabaki bure. Tulitii. Miaka haijafika sita tunaambiwa tuingie mfukoni tena.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya hayakuja peke yake. Mwaka ulifunguliwa kwa faini. Januari vituo vitano, yaani Star TV, Azam Two, EATV, Channel Ten na ITV, vilitozwa jumla ya shilingi milioni 60 kwa sababu ya kurusha habari ya tamko la Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) kuhusu uchaguzi mdogo wa madiwani wa Novemba 2017. Tamko lilitolewa na LHRC, lakini aliyetozwa ni aliyelitangaza. Mhariri aliyeona hayo, kesho akiletewa habari nzito, ataipeleka hewani?

Ikaja Machi na kanuni za maudhui ya mtandaoni. Vijana waliokuwa na televisheni zao za YouTube, kamera moja na kompyuta moja, wakatakiwa kulipa leseni ya shilingi milioni moja na ada ya mwaka milioni nyingine, bado laki moja ya maombi. Wengi wao ndio walikuwa wanafika huko ambako vituo vikubwa havipeleki gari. (Bunge mubashara tulishalipoteza tangu Januari 2016, tukaambiwa ni gharama.)

Kwa hiyo ndani ya miezi minane kituo kimepigwa faini, kijana wa mtandaoni amewekewa ada, na mtazamaji wa kijijini amekatiwa chaneli. Na vituo vyenyewe vinaishi kwa matangazo ya biashara. Mwenye kiwanda cha sabuni atalipia tangazo bei ileile wakati watazamaji wa madishi wameondoka? Mishahara ya waandishi itatoka wapi?

Sitaki tena tangazo la kutukumbusha masharti ya leseni. Masharti ya leseni yameandikwa na watu, yanarekebishika. TCRA irekebishe ili kampuni za setilaiti zibebe chaneli za kitaifa bure, kifurushi kiwepo kisiwepo, na atakayezikata apigwe faini yeye. Kama hilo haliwezekani, basi toeni hadharani orodha ya minara ya digitali, kata kwa kata, tuone ni Watanzania wangapi mmewaambia wanunue antena za kushika hewa tupu.

Wenye ndugu huko ambako mnara haufiki, andikeni hapa wilaya na kata.