Naomba ushauri kuhusu glezi nyeupe ya bati

Ndugu wanachama, naomba ushauri wa wenye uzoefu wa ufinyanzi. Navutiwa mno na vyombo vya Uingereza vya glezi ya bati (tabaka la kioo linalofunika chombo cha udongo, likifanywa jeupe kwa madini ya bati), kazi ambayo Jasper Andries na Jacob Jansen kutoka Antwerp waliianza Norwich mwaka 1567, kisha ikastawi London, Bristol na Liverpool. Chombo kilichomwa, kikachovywa katika glezi ya madini ya risasi na oksidi ya bati, kikachorwa kwa kobalti, rangi ya buluu, juu ya glezi hiyo iliyokauka kuwa unga usiosamehe kosa la brashi, ndipo kikarudishwa tanuruni. Walitumia udongo wenye chokaa, na glezi ikashika vizuri. Udongo wangu mwekundu hauna chokaa, na glezi hufanya nyufa ndogondogo. Je, niongeze chokaa kiasi gani, na nitumie nini badala ya risasi, ambayo ni sumu?