Nimeokoka lakini sineni kwa lugha, naambiwa sina Roho Mtakatifu. Naomba ushauri

MuuguziMza

Bwana Yesu asifiwe wapendwa.

Mimi ni muuguzi, nipo Mwanza. Nimelelewa KKKT (Kanisa la Kilutheri), nilibatizwa nikiwa mchanga, nikapata kipaimara, na nikiwa kidato cha tano nikampa Yesu maisha yangu kwenye mkutano wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo.

Hapa kazini nasali na kikundi kinachokutana Alhamisi jioni nyumbani kwa mmoja wetu. Ni watu wanaonipenda. Nilipofiwa na baba walikaa nami msibani mpaka mwisho, kwa hiyo naomba mtu asije akawatukana hapa.

Shida ni kwamba wote wananena kwa lugha, yaani wanaomba kwa maneno wasiyojifunza, wakisema wamepewa na Roho, isipokuwa mimi. Kwenye mkesha uliopita kiongozi alinipigisha magoti katikati, wakanizunguka, akanishika paji la uso akasema nirudie "haleluya" haraka haraka mpaka ulimi uachie. Nilirudia mpaka sauti ikakauka. Hakuna kilichotokea. Akasema kuna dhambi nimeificha au kuna agano la ukoo, yaani kifungo cha kiroho kutoka kwa mababu, halijavunjwa. Kisha akanisomea Warumi 8:9, kwamba asiye na Roho wa Kristo si wake.

Tangu siku hiyo nikianza kuomba najikuta nauchunguza ulimi wangu badala ya kuzungumza na Mungu. Je, ni kweli sina Roho? Naomba Maandiko na ushauri wa waliopitia, siyo vita ya madhehebu.

Kijana wa Geita

Pole sana dada. Hama hicho kikundi.

MsomajiWaNeno

Kaka wa Geita, taratibu. Kuhama ni rahisi kusema, lakini hawa ndio waliomzikia baba.

Dada, tuanze na Warumi 8:9 maana ndiyo iliyokuchoma. Usiishie hapo, shuka mpaka mstari wa 15 na 16. Paulo anaeleza huyo Roho anafanya nini ndani ya mtu: kwa yeye tunamwita Mungu Aba, Baba, na anashuhudia pamoja na roho zetu kwamba tu watoto wa Mungu. Sura nzima ile haitaji kunena kwa lugha. Mstari wa 26 unasema hatujui kuomba itupasavyo, lakini Roho mwenyewe hutuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa". Aliyeishiwa maneno ndiye anayesaidiwa pale.

Halafu fungua 1 Wakorintho 12. Mstari wa 11 unasema Roho humgawia kila mtu kama apendavyo yeye. Mstari wa 30 Paulo anauliza, "Wote wanena kwa lugha?" Ukisoma maswali yote yaliyopangwa pale, jibu lake ni hapana: si wote mitume, si wote manabii, si wote wanenao. Ukifika sura ya 14 utakuta anawapa utaratibu: wawili au wasiozidi watatu, kwa zamu, na awepo wa kufasiri. Waulize wenzako kwa upole nani anafasiri siku ya Alhamisi. Ila sura hiyo hiyo inamalizia kwa kusema msizuie kunena kwa lugha, kwa hiyo usiidharau karama yao.

Mpentekoste halisi

Mimi ni wa Assemblies of God, kanisa la Kipentekoste, nanena kwa lugha, na naamini ndiyo ishara ya kwanza ya kubatizwa kwa Roho. Tunasimama kwenye Matendo 2, 10 na 19, na fundisho hilo limo kwenye tamko la imani la Assemblies of God tangu 1916. MsomajiWaNeno najua hapo hatutakubaliana, na 1 Wakorintho 12:30 sisi tunaisoma kama inahusu karama ya kunena ibadani, siyo ishara ya ubatizo wa Roho.

Lakini sikiliza dada yangu. Ni ishara ya ubatizo wa Roho, SIYO ya wokovu. Kumwambia mtu aliyeokoka kwamba si wa Kristo kwa sababu haneni ni kuchanganya mambo mawili, na sisi Wapentekoste tunapaswa kuwa wa kwanza kulikataa. Na hilo la kufundishwa kurudia neno mpaka ulimi uteleze linaniuma. Matendo 2:2 inasema walikuwa wameketi. Hakuna aliyewafundisha silabi. Mungu akitaka kukupa, atakupa ukiwa jikoni.

MuuguziMza

Asanteni, nimelia kusoma hiyo Warumi 8 yote. Kuna jambo sikuliandika. Babu mzaa baba alikuwa mganga wa kienyeji. Kiongozi anajua, ndiyo maana akasema agano la ukoo. Hilo ndilo linaninyima usingizi kuliko hata lugha.

Mama Bukoba

Mwanangu, pole kwa baba. Mimi nimekulia mikononi mwa watu wa Uamsho, ule mwamko wa toba makanisani ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukatufikia Kagera. Wazee wale hawakumpima mtu kwa lugha. Walikuwa wanamwangalia kama ametubu na anatembea nuruni. Mtu akiokoka, utamwona anabeba jembe aliloiba kumrudishia jirani, au anamwomba mkewe msamaha mbele za watu. Kisha wanaimba Tukutendereza, wimbo wao wa kumsifu Yesu, mpaka unasisimka. Wengi wao walitoka nyumba za waganga, baba zao na babu zao. Walihubiriwa damu ya Yesu wakaamini kwamba imetosha.

Soma Ezekieli 18:20, mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Soma Wakolosai 2:14 na 15, ile hati ya kutushitaki imegongomewa msalabani. Kama una hirizi au kitu cha babu umekihifadhi, kichome. Kama huna, huna deni. Sasa nikuulize kama mama: wagonjwa wako wodini wanakuonaje? Na yule uliyekosana naye umempatanisha na moyo wako? Wagalatia 5:22, tunda la Roho, ndiyo niitazamayo kwa watoto wangu.

MuuguziMza

Hirizi sina mama, sijawahi. Je, Alhamisi niende au nisiende?

Mpentekoste halisi

Muone kiongozi kabla ya Alhamisi, wewe na yeye tu, kama Mathayo 18:15. Mwambie maneno yake yamekufanya nini. Akisikia, endelea kusali nao, na wakikuomba uje katikati, baki umeketi mahali pako. Asiposikia, pumzika kwanza.

Mama Bukoba

Naungana naye. Na kwa sasa acha kusali ukijipima. Chukua Zaburi moja asubuhi kabla ya zamu, isome kwa sauti, hayo yawe maombi yako yote. Jumapili baki baada ya ibada umwone mchungaji wa usharika wako, mwambie na hilo la babu, akuombee kwa kukuwekea mikono. Ukitoka huko niandikie pembeni, nataka kujua.