Naomba ushauri: ni lini nichukue ln (logi asilia, yaani ya kizio e ≈ 2.718) pande zote kabla ya kudifarenshieti?

Mpenda_Namba:
Wakuu salaam. Naombeni msaada kwenye haya matatu:

1) y = x^x
2) y = (x+1)³ · √(x²+4) / (2x−1)⁴
3) y = x^x + (sin x)^x

La kwanza nikishusha kipeo napata x·x^(x−1), yaani x^x tupu, ila jibu la kitabu ni x^x(1 + ln x). La pili kwa kanuni ya mgawanyo linajaza ukurasa mzima. La tatu nikishachukua ln sioni pa kwenda. Na je, swali la ln linatambulikaje kwa kuliangalia tu?

MwalimuKipeo:
Angalia x amekaa wapi. Kwenye x⁵ yuko kwenye kizio, kipeo ni namba thabiti: shusha kipeo. Kwenye 5^x yuko kipeoni, kizio ni thabiti: jibu ni 5^x ln 5. Kwenye x^x yuko kotekote, kwa hiyo kanuni zote mbili zinakataa. Hapo ndipo ln inapohitajika, maana inakishusha kipeo kiwe cha kuzidisha:

ln y = x ln x

Kulia tumia kanuni ya zao: ln x + x·(1/x) = ln x + 1. Kushoto kumbuka y inategemea x, kwa hiyo ni y′/y (y′ ni derivativi ya y, yaani kasi ya badiliko lake). Alama nyingi hupotelea hapa: mtu anaandika 1/y na y′ inasahaulika. Zidisha pande zote kwa y, kisha ibadilishe kwa x:

y′ = x^x(1 + ln x), kwa x > 0.

Usiache y ndani ya jibu kama swali lilitolewa kwa x.

Kikokotoo:
Naongezea namna ya kujihakiki. Weka x = 2. Piga (2.001^2.001 − 1.999^1.999) ÷ 0.002, utapata takriban 6.7726. Fomula inatoa 4(1 + ln 2) = 6.7726. Njia ya kushusha kipeo inatoa 4, na ile ya 5^x ukiilazimisha inatoa 4 ln 2 = 2.7726.

Sasa jumlisha hayo mawili yasiyo sahihi: 4 + 2.7726. Si bahati nasibu hiyo. Kila njia inahesabu badiliko la sehemu moja (kizio au kipeo) huku nyingine ikishikiliwa, na derivativi kamili ni jumla yake. Kwa u^v yoyote yenye u chanya: v·u^(v−1)·u′ + u^v·ln u·v′.

Halafu angalieni kitufe. Ukibonyeza log (ya kizio 10) badala ya ln unapata 4(1 + 0.3010) = 5.204, na utalaumu fomula bure.

Binti_Kalkulasi:
Swali la 2 halina x kipeoni. Pale ln ni ya kupunguza kazi tu, kwa kuwa zao linageuka jumla, mgawanyo unageuka tofauti, na kipeuo cha pili kinageuka nusu:

ln y = 3 ln(x+1) + ½ ln(x²+4) − 4 ln(2x−1)

y′/y = 3/(x+1) + x/(x²+4) − 8/(2x−1)

Hiyo 8 ni 4 mara 2. Derivativi ya 2x−1 ndiyo inayosahaulika sana. Zidisha kwa y nzima, umemaliza. Usijaribu kuvipa visehemu hivyo asili moja kama hujaombwa, unajirudishia kazi uliyoikimbia.

Swali la 3: ln(a + b) SI ln a + ln b. Kwenye jumla usichukue ln ya y nzima. Gawa: u = x^x, v = (sin x)^x, fanya kila moja peke yake, kisha y′ = u′ + v′. Ya u unayo tayari. Ya v: ln v = x ln(sin x), hivyo v′ = (sin x)^x [ln(sin x) + x cot x]. Kati ya 0 na π hakuna tatizo, sin x ni chanya.

Mpenda_Namba:
Asante dada. Swali moja: la 2 wameuliza mteremko pale x = 0. Pale 2x−1 ni −1, na ln ya hasi haipo. Jibu litakubalika?

MwalimuKipeo:
Litakubalika. Tumia ln|y|: derivativi ya ln|u| ni u′/u, u iwe chanya au hasi. Kwa x = 0, y = 2 na y′/y = 3 + 0 + 8 = 11, kwa hiyo y′ = 22.

Panapokwama ni kwenye sifuri. Chukua y = x(x−1)(x−2) pale x = 1. y ni 0, na 1/(x−1) haipo, fomula inabaki imening'inia. Lakini derivativi ipo: x(x−2) pale 1 inatoa −1. Kwenye nukta kama hizo rudi kanuni ya zao.

Mzee_wa_e:
Kwa maswali ya kipeo mimi siandiki ln y kabisa. x^x = e^(x ln x), kisha kanuni ya mnyororo mara moja: e^(x ln x)·(ln x + 1). Hakuna y′ ya kusahau. Kwa mazao marefu kama la 2 nakubaliana na Binti, ln ndiyo nyepesi.

Johann Bernoulli alichapisha kazi yake ya funksheni za namna hii mwaka 1697, x^x ikiwemo. Ukiwa na derivativi, kima cha chini cha x^x kinapatikana kwa mstari mmoja: 1 + ln x = 0, x = 1/e ≈ 0.3679, na y pale ni takriban 0.6922.

Mpenda_Namba:
Na x^(x^x)?

Mzee_wa_e:
ln y = x^x ln x. Kulia ni zao, na derivativi ya x^x unayo: y′ = x^(x^x) [x^x(1 + ln x) ln x + x^(x−1)]. Hakiki kwa x = 1, lazima upate 1.