S7-300 ya zamani na S7-1200 mpya ziongee: kadi ya Ethaneti, konveta ya MPI au kung'oa yote?

Fundi_Vingunguti
Wakuu, habari za kazi. Kiwanda chetu cha unga kipo Vingunguti. Kinu kinaendeshwa na PLC (kompyuta ndogo ya kuendesha mashine) ya zamani, Siemens S7-300. Mashine mpya ya kufungasha imeshafika, ina S7-1200, PLC ya Siemens ya kizazi kipya. Bosi anataka ziongee. Nina njia tatu: kuongeza kadi ya Ethaneti CP 343-1, kununua konveta ya MPI (tundu la mawasiliano la zamani la Siemens) kwenda Ethaneti, au kung'oa ya zamani na kufunga PLC mpya, S7-1500. Oda inatoka wiki hii. Ipi bora?

Kebo_Zambarau
Mkuu, S7-300 ni ukoo mzima. CPU (moduli yenye ubongo wa PLC) ipi? Kama ni 315-2 PN/DP, tundu la Ethaneti unalo tayari, nunua kebo na swichi basi. Kama ni 315-2 DP, una MPI na Profibus (mtandao wa viwandani, ndiyo hiyo DP) tu. Soma namba inayoanza na 6ES7 usoni mwake. Na je, programu yake unayo?

Mzee_wa_Relei
Mimi nauliza data ni kiasi gani. Kama ni "kihenge kimejaa", "simama" na "endelea", vuta waya, funga relei (swichi inayowashwa kwa umeme). Uzito upeleke kwa mkondo wa miliampia 4 hadi 20. Usiku wa manane fundi wa zamu anapima kwa mita, anamaliza. Na kitufe cha dharura kiwe na waya wake mwenyewe, kisipite kwenye huo mtandao kabisa.

Badilisha_Yote
Ng'oa. Siemens walianza kuiondoa S7-300 sokoni Oktoba 2023, vipuri wameahidi hadi 2033. Kwa nini ununue kadi ya kuchomeka kwenye kitu kinachozeeka?

Fundi_Vingunguti
Nimeangalia, ni 315-2 DP. Tundu la DP lina ET 200M mbili (moduli za mbali za kupokea na kutoa ishara), la MPI lina kioo cha opereta. Data ni uzito wa vihenge viwili na ishara kama kumi. Programu hatuna, aliyefunga aliondoka nayo.

Kebo_Zambarau
Hapo ndipo ulipotakiwa kuanzia, mkuu! Badilisha_Yote, atahamisha nini kwenda S7-1500 kama programu hana? Kinu kitasimama wakati watu wanabuni upya mantiki ambayo hakuna anayeikumbuka.

Ingia na Step 7 ya zamani (programu ya kompyuta ya kuandikia PLC), vuta kila kitu kutoka kwenye CPU: bloku zote (vipande vya programu) na mpangilio wa vifaa. Majina ya ishara na maelezo havitarudi, ila bloku zitakuwa salama mkononi. Fanya hivyo kabla ya oda yoyote. CP 343-1 inadai ubadilishe mpangilio wa vifaa na CPU isimame kidogo, na bila nakala huo ni ujasiri ambao siushauri.

Injinia_Tabata
Niongezee kuhusu konveta, maana tuliumia. Ni kiwanda cha mafuta ya kula, kontrola ya zamani kwenda mpya kupitia konveta ya Modbus TCP (lugha ya mawasiliano inayotumiwa na kampuni nyingi). Mkandarasi akafunga, taa zote kijani, akajaribu ishara za kuwaka na kuzima, zote sawa. Akasaini, akaondoka.

Siku ya kwanza ya kazi kioo kinasoma tani sifuri na tanki limejaa. Pampu inaona tanki tupu, inasukuma. Mafuta yakamwagika mpaka mlangoni, vijana wakashinda wanamwaga maranda ya mbao. Tulipofungua rejista (visanduku vya kuhifadhi namba) tukakuta 0000 kisha 41C8. Tani 25.0 kwa namba za kompyuta huandikwa 41C8 kwanza, halafu 0000. Konveta ilikuwa imegeuza nusu mbili za namba, na ikigeuzwa hivyo inakuwa ndogo mno, kioo kinaonyesha sifuri. Hakuna kosa lililotokea popote, mawasiliano yalikuwa mazima kabisa!

Kwa hiyo jaribu kwa uzito unaoujua, siyo kwa taa. Na weka kihesabu kinachoongezeka kila sekunde upande wa zamani. Kikiganda, mashine mpya isimame yenyewe.

Kebo_Zambarau
Hilo la kihesabu naliunga mkono kwa mikono miwili. Ila Siemens kwa Siemens hana haja ya Modbus. S7-1200 inasoma yenyewe kwa GET (amri ya kusoma data ya PLC nyingine), kwa kusoma huko programu ya zamani huigusi. Ukiwa na CP, hata ile ya Lean (toleo dogo la CP 343-1) inatosha kwa kujibu tu, andika rack 0, slot 2, yaani mahali CPU ilipo. Kwa MPI, hakikisha konveta inakubali PLC kama mteja (anayeomba data), maana nyingine ni za kompyuta tu. MPI kwa kawaida ni kilobiti 187.5 kwa sekunde na kioo kinaitumia pia, usisome kila milisekunde kumi.

Mlinzi_wa_Bandari102
Huo mtandao msiuchanganye na wa ofisi. S7-300 kwa kawaida haiulizi wewe ni nani.

Mzee_wa_Relei
Kiwanda hakina intaneti, nani ataingia?

Mlinzi_wa_Bandari102
Mzee wangu, Stuxnet, kirusi cha kompyuta kilichogunduliwa 2010, kilisafiri kwa flashi, na kililenga PLC za S7-315 na S7-417. Hiyo 315 ndiyo iliyopo Vingunguti.

Mzee_wa_Relei
Relei haina flashi.

Fundi_Vingunguti
Asanteni wakuu. Bosi kakubali oda isubiri, Jumapili kinu kikisimama tunavuta programu. CPU ikiwa na neno la siri inakuwaje?

Kebo_Zambarau
Inategemea kiwango cha ulinzi. Kuna kinachozuia kuandika tu, na kinachozuia hata kusoma. Ukikutana na hicho cha pili, usiichomoe kadi ya kumbukumbu umeme ukiwa umewaka. Rudi hapa kwanza.

Dada_Paneli
Samahani kuingilia. Plagi za Profibus za pale Gerezani, kuna aliyepima ristansi ya mwisho wa laini? Nimenunua mbili, kiswichi kikiwa ON moja haibadiliki kabisa kwenye mita.

Injinia_Tabata
Dada, weka picha ya ndani.